Transibreki inayochelewa kuachia: tafuta milisekunde zinapopotelea kabla ya kushusha giaboksi

Ni mbio za drag. Dereva ameachia kitufe cha transibreki, breki ya ndani ya giaboksi inayolishika gari kwenye mstari wa kuanzia, kwa wakati wake, injini inanguruma kwa mizunguko ile ile, na gari bado limeganda kwenye mstari. Halafu linachomoka. Kuchelewa kwenyewe jicho halikuoni, ila saa ya uwanjani inakuona. Gari linalomaliza kwa kasi ya kilomita 240 kwa saa hukata karibu sentimita 67 katika kila milisekunde 10, na mbio nyingi huamuliwa kwa pengo dogo kuliko hilo.

Nimeshughulika na tatizo hili kwenye giaboksi za otomatiki za Powerglide na TH400 kuliko kwenye giaboksi nyingine yoyote, na jambo moja nimelishika: watu hukimbilia kushusha giaboksi kabla ya kujua muda unapotelea wapi. Kati ya kidole kunyanyuka na tairi kuanza kuzunguka kuna hatua nne. Swichi inakata umeme, sumaku ya solenoidi, yaani koili ya umeme inayosukuma vali, inakufa, vali inarudi na kufungua njia ya oili, kisha klachi ya rivasi inaachana. Kila hatua ina ugonjwa wake na namna yake ya kupimwa.

Kinachotokea ndani

Transibreki hulifunga gari kwa kuingiza gia ya kwanza na rivasi kwa wakati mmoja. Shafti ya kutokea inavutwa pande mbili, kwa hiyo haiendi kokote hata injini ikivuta vipi. Kwenye Powerglide, bendi ya gia ya chini inashika huku pakiti ya klachi ya rivasi, iliyo nyuma ya giaboksi, imebanwa kwa presha ya oili. Kwenye TH400, klachi ya mbele inashika pamoja na vile vinavyofanya rivasi, yaani klachi ya direkti na bendi ya nyuma.

Ukibonyeza kitufe, solenoidi inasukuma vali na oili inaenda kwenye rivasi. Ukiachia, springi inairudisha vali, oili ile inamwagika kwenye sampu (bakuli la oili chini ya giaboksi), na springi za pistoni zinaisukuma pistoni nyuma ili plati ziachane. Gia ya kwanza imeshika muda wote huo. Ndiyo maana nasema tatizo la kuchelewa kuachia ni tatizo la kutoka, si la kuingia: umeme kutoka kwenye koili, oili kutoka kwenye silinda ya pistoni, plati kutoka kwenye mbano. Ukiona umeanza kushuku kitu kinachoingiza, umeshapotea njia.

Hakikisha kwanza kwamba ni transibreki kweli

Mambo kadhaa hujivika sura ya transibreki nzito. Tairi la mbele lenye kipenyo tofauti, au dereva aliyesimama nyuma kidogo kwenye miali ya mwanga ya kuanzia, hubadilisha umbali ambao gari linatembea kabla saa haijahesabu kwamba limeondoka. Karatasi ya muda itasema mwitikio umekuwa mbaya, na giaboksi haina kosa lolote.

Breki ya mbele inayofungwa kwa solenoidi yake ikichelewa kuachia, gari pia litachelewa. Hii hupimika kirahisi: inua gari juu ya stendi, injini ikiwa imezimwa, funga breki hiyo, iachie, kisha mtu azungushe gurudumu kwa mkono papo hapo. Zungusha na ya nyuma pia. Breki zinazokwaruza nimekuta zimesingiziwa kuwa transibreki zaidi ya mara moja.

Kisha kuna kidhibiti mizunguko cha kwenye mstari. Magari mengi hukiwasha na kukizima kwa kitufe kile kile cha transibreki. Giaboksi ikiachia mara moja lakini kidhibiti kikaendelea kukata moto wa plagi kwa muda mfupi, gari linaondoka kwa uchovu na dereva anaapa kwamba breki imeng'ang'ania. Sikiliza sauti: kama ule mlio wa kukatakata unaendelea wakati gari limeshaanza kusogea, shughulika na waya wa kidhibiti na uiache giaboksi ilivyo.

Ipo na dalili ya kinyume. Mizunguko ya injini ikipaa ghafla pale kitufe kinapoachiwa, na propela shafti ikabaki nyuma, hapo kinachoteleza ni upande wa gia ya kwanza: bendi kwenye Powerglide, klachi ya mbele kwenye TH400. Rivasi imeachia vizuri. Transibreki inayochelewa huwa kinyume cha hapo: mizunguko inabaki palepale, kimya, kana kwamba kitufe hakijaachiwa.

Pima kwa simu

Kinasa data chenye waya wa kitufe na kipimo cha mzunguko wa propela shafti ndicho chombo bora. Usipokuwa nacho, simu inayorekodi picha 240 kwa sekunde inatosha kwa kuanzia, kwa sababu kila picha ni kama milisekunde 4.

Funga taa ndogo ya LED, yenye kizuizi chake cha umeme, kwenye waya unaoenda kwenye solenoidi, na uiweke mahali ambapo kamera itaiona pamoja na tairi la nyuma. Usitumie balbu ya waya wa kuungua. Ile huendelea kung'aa kidogo baada ya umeme kukatika na itakudanganya. Iwekee LED daiodi moja mfululizo ili mshtuko wa umeme wa kinyume unaotoka kwenye koili usiiue. Chora mstari mweupe ubavuni mwa tairi kwa chaki. Fanya maondoko ya kweli kwenye njia ya mashindano, dereva akiwa amefungwa mkanda na mbele pakiwa wazi kabisa. Anayerekodi akae ubavuni, mbali, au aache simu kwenye kigoda. Transibreki inaweza kuachia yenyewe wakati wowote, kwa hiyo hakuna anayepita mbele ya gari lililoshikwa nayo.

Baadaye hesabu picha kuanzia LED inapozima hadi mstari wa chaki unapoanza kusogea. Fanya hivyo kwa maondoko matano, ukiacha oili ipoe katikati, maana kushikilia transibreki dhidi ya konvata (kiungo cha oili kati ya injini na giaboksi) kunapandisha joto la oili kwa kasi sana. Andika namba zote tano.

Hapa ndipo uamuzi mkubwa ulipo. Namba zikifanana, tuseme 14, 14, 15, 14, 14, gari lako ni zito kuachia lakini ni la kutegemewa, na dereva anaweza kulizoea au kurekebisha kisanduku chake cha kuchelewesha (kifaa cha umeme kinachoongeza muda kati ya kitufe kuachiwa na transibreki kuachia). Zikiwa 12, 19, 13, 22, 14, hilo haliwezi kukimbizwa. Dereva ataanza kuachia mapema ili kufidia, na siku giaboksi itakapoachia sawasawa atawasha taa nyekundu, yaani atakuwa ameondoka mapema mno. Mimi huanza kuhangaika na kuruka kwa namba kabla ya wingi wake.

LED hiyo ina upungufu mmoja ambao lazima uujue. Inaonyesha kama swichi imekata umeme. Haionyeshi kama sumaku ndani ya solenoidi imekufa. Hivyo viwili vinaweza kutofautiana, na sehemu inayofuata ndiyo iliyonigharimu zaidi.

Umeme: daiodi iliyofichwa

Koili ya solenoidi ikikatiwa umeme ghafla hurudisha mshtuko mkali wa volti za kinyume. Mshtuko huo unachoma ncha za swichi na unaweza kuua kisanduku cha kuchelewesha. Dawa ya kawaida ni daiodi iliyofungwa sambamba na koili, na kwa kulinda vifaa inafanya kazi yake vizuri. Kasoro yake ni kwamba inaupa umeme wa koili njia ya kuendelea kuzunguka ndani kwa ndani baada ya swichi kukata. Umeme unapungua polepole, sumaku inakufa polepole, na vali inashikiliwa muda wote huo. LED imeshazima, kidole kimeshanyanyuka, solenoidi bado inasukuma.

Niliwahi kushusha Powerglide moja mara mbili kwa tatizo hili. Mara ya kwanza nilibadilisha plati na sili za pistoni ya rivasi. Mara ya pili nilibadilisha springi na kuisafisha bodi ya vali mpaka ikameta. Gari likarudi na uzito ule ule. Jioni ya siku ya tatu nikaupapasa waya wa solenoidi kutoka kwenye plagi kwenda juu, na katikati ya tepu nyeusi vidole vikagusa kivimbe kidogo kama punje ya mchele. Nilipokata tepu nikakuta daiodi imeunganishwa kwa solda nadhifu kabisa. Aliyeiweka alikuwa amenunua kisanduku kipya cha kuchelewesha na alitaka kukilinda; hakufanya kosa la uzembe. Kosa lilikuwa langu, kuanzia chini wakati jibu lilikuwa juu.

Tangu siku hiyo kipimo changu cha kwanza ni hiki. Ondoa kila kitu kati ya betri na solenoidi: kisanduku, relei, kidhibiti, kitufe cha usukani. Vuta waya mmoja mnene wenye fyuzi kutoka betri kupitia swichi imara ya kubonyeza, moja kwa moja hadi solenoidi, na ethi safi kwenye bodi ya giaboksi. Hakikisha hakuna daiodi popote kwenye njia hiyo. Rudia maondoko matano. Namba zikishuka, tatizo liko kwenye kile ulichokiondoa, na giaboksi ibaki pale ilipo. Kisha rudisha kimoja kimoja, ukipima, hadi namba zipande tena. Ni kazi ya nusu siku, na inaokoa wiki.

Ukishampata mkosaji na ikawa ni daiodi, usiing'oe ukaacha wazi. Mshtuko utarudi kwenye kisanduku. Weka kizima mshtuko kinachoruhusu volti ipande kiasi kabla ya kuibana: daiodi ya kawaida ikiwa mfululizo na zena, au varista (zena na varista huanza kupitisha umeme volti ikifika kiwango fulani). Volti inavyoruhusiwa kupanda juu zaidi, ndivyo umeme wa koili unavyokufa haraka. Ila fuata kikomo alichotaja mtengenezaji wa kisanduku chako, kwa sababu ndicho kinachobeba mshtuko huo.

Relei nayo huongeza milisekunde zake, kwa sababu ina koili yake inayohitaji kufa kabla ncha hazijaachana, na relei nyingi huja na daiodi ndani ya kasha. Kama swichi yako ina uwezo wa kubeba umeme wa solenoidi, relei haina kazi hapo, itoe.

Swichi yenyewe huleta kuchelewa kunakorukaruka hata kabla LED haijazima. Ncha zilizoungua huganda kwa muda mfupi kabla ya kuachana, mara hii zaidi, mara ile kidogo. Fungua kitufe uangalie: ncha nzima zinang'aa, zilizochoka zina vishimo vyeusi na vijinundu vya chuma kilichoyeyuka. Usizipige msasa ukadhani umemaliza, badilisha kitufe. Angalia pia kidole kinasafiri kiasi gani kabla umeme haujakatika. Kitufe kinachokata mwishoni kabisa mwa mwendo wa springi kinamla dereva muda ambao mtu mwingine atauita uzito wa giaboksi.

Solenoidi

Kwenye giaboksi kadhaa solenoidi imefungwa kwa nje na inatoka bila kushusha sampu. Itoe. Bonyeza pini yake kwa kidole gumba, kisha iachie: irudi kwa mwendo mmoja laini. Ukisikia mkwaruzo, au ikisita katikati, fungua usafishe. Tafuta uchafu wa chuma ulionaswa na mabaki ya sumaku, na mstari wa kusuguka upande mmoja wa pini, ambao huonyesha kwamba pini imepinda au solenoidi haikai sawa kwenye tundu lake.

Solenoidi iliyoshikiliwa muda mrefu mno, labda dereva alikwama kwenye mstari huku amebonyeza, huungua kwa ndani na kasha la koili hulegea kwa joto likaikaba pini. Hiyo hufanya kazi vizuri asubuhi na kung'ang'ania mchana. Haitengenezeki.

Bodi ya vali

Kama umepima kwa waya wa moja kwa moja, solenoidi ni nzima, na gari bado zito, sasa fungua sampu. Kabla ya kufungua chochote kingine, pitisha sumaku kwenye oili iliyobaki na utazame filta. Unga laini wa kijivu ni wa kawaida. Vipande vinavyokwaruza kati ya vidole, au chembe za weusi wa plati, vinaeleza kwa nini vali inakwama.

Kosa ninalolikuta mara nyingi zaidi hapa ni bodi iliyokazwa kupita kiasi. Bodi ya vali ya alumini ni nyembamba, na boliti zikikazwa bila toki renchi, au kwa mpangilio mbaya, inajipinda kwa kiasi usichokiona. Tundu la vali linakuwa yai. Jaribu hivi: ukiwa umeitoa bodi na kuisafisha, vali yenye oili kidogo iteleze yenyewe kwa uzito wake ukiinamisha bodi. Kisha ifunge tena boliti moja moja kwa kiwango cha mtengenezaji, ukiisukuma vali kwa bisibisi ya plastiki kila baada ya boliti mbili tatu. Utaihisi inapoanza kushika. Hiyo boliti, au uso ulio chini yake, ndiyo ya kushughulikia. Wakati mwingine ni gasketi iliyovimba upande mmoja, au ukoko wa gasketi ya zamani uliobaki kwenye kona.

Joto linaweza kukusaidia kuchagua. Vali ya chuma ndani ya tundu la alumini hupata nafasi zaidi ikipashwa, kwa kuwa alumini hutanuka zaidi ya chuma. Kwa hiyo vali iliyobana tu itasumbua zaidi oili ikiwa baridi. Gari linaloanza vizuri na kuwa zito likishapata moto, mimi hurudi kuitazama solenoidi kwanza. Ila kumbuka oili baridi ni nzito yenyewe na humwagika polepole. Ondoko la kwanza la siku usilihesabu hata kidogo mpaka oili ifike kwenye joto lake la kazi.

Angalia pia njia ya kumwagia. Gasketi isiyo ya bodi hiyo inaweza kuziba nusu ya tundu la kutolea oili ya rivasi, na kila kitu kingine kitakuwa kizima. Weka gasketi juu ya bodi, inyanyue kwenye mwanga, utazame kila tundu kama liko wazi lote. Bodi zilizotengenezwa kwa ajili ya kuachia haraka huwa na njia pana inayomwaga oili moja kwa moja kwenye sampu. Ukilinganisha gari lako na la jirani, jua kwanza kama mna bodi za aina moja.

Na presha. Mtu akiona gari linatambaa akiwa ameshika transibreki, hupandisha presha ya mfumo ili rivasi ishike zaidi. Inashika, kweli, lakini kuanzia hapo pistoni inabanwa na presha kubwa zaidi, na kila ukiachia kitufe lazima presha hiyo yote ishuke kwanza kabla springi hazijaishinda. Gari linalotambaa lina plati zilizochakaa au sili inayovuja. Tengeneza hizo, kisha rudisha presha mahali pake.

Klachi ya rivasi

Sasa giaboksi inashuka. Ikiwa bodi yako ina tundu la kupimia presha ya rivasi, pima kabla: presha ikishuka mara moja na tairi bado likachelewa, umepata uthibitisho kwamba tatizo liko kwenye pistoni na plati.

Toa springi za pistoni uzipange juu ya kioo au meza iliyonyooka. Zilizochoka zitaonekana fupi kuliko wenzake. Badilisha zote kwa pamoja. Sili za pistoni zikiwa ngumu na zimekauka hushika ukuta wa silinda. Pistoni ikiwa imewekwa bila plati inapaswa kuingia na kutoka kwa nguvu ya mikono, bila nyundo.

Plati za chuma ziweke moja juu ya nyingine na utazame mwanga kati yake. Iliyojikunja au yenye mabaka ya buluu imepata joto na haitaachana vizuri. Nafasi ya pakiti ipimwe kwa fila geji: ikiwa ndogo kuliko kiwango cha mtengenezaji, plati zinaendelea kuburuzana hata pistoni ikiwa imerudi.

Kisha, kwenye Powerglide, pitisha ukucha kwenye meno ya ndani ya kasha ambamo plati za chuma hukaa. Hapa watu hupita haraka. Maondoko mengi ya nguvu huchimba vishimo vidogo kwenye meno hayo, kila plati na kishimo chake, na plati inaponaswa humo haitelezi kurudi hata springi zikiwa mpya. Ukucha ukikwama, umepata sababu ya namba zinazorukaruka ambazo hakuna gasketi wala solenoidi itakayozitibu. Vishimo vifupi hulainishwa kwa tupa laini. Virefu vinataka kasha jingine.

Ukifunga tena, tumia LED ile ile, chaki ile ile, oili ikiwa kwenye joto lile lile, na uandike namba tano mpya chini ya zile za mwanzo kwenye karatasi moja.